Mistari Miwili ya Penseli

Jumamosi, Tunduma, nyumbani kwa dada.

Baridi ya mwezi wa saba haina adabu. Tangu asubuhi upepo unavuma, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, na mimi nimevaa masweta mawili na kitenge cha dada juu yake. Kule pwani ninakofanyia kazi watu wanalala na feni. Hapa nimeshakunywa vikombe vinne vya chai ya tangawizi na bado vidole vinagoma. Lakini leo lazima niandike, na nataka niandike na hapa, si kule kazini tu, kwa sababu kwenye barua ya kikazi mtu hupamba maneno. Hapa sina wa kumpambia.

Nina hasira, na safari hii nimejikasirikia mwenyewe.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza, mimi ni injinia. Dada Ruti anawaambia majirani zake kwamba mimi ni daktari wa saratani. Nimechoka kumsahihisha, na kila nikija likizo hakosekani mama wa kuninyooshea mguu niangalie uvimbe. Kitu ninachokitengeneza kwa kweli kinaenea kwenye kiganja. Nasanifu shabaha.

Shabaha ni kikopo kizito cha chuma chenye kitundu ndani, na kwenye hicho kitundu tunaweka maji maalumu, machache tu, hayajazi kijiko cha chakula. Mashine kubwa inayoitwa saiklotroni inazungusha chembe ndogo mno mpaka zinapata kasi kubwa, kisha inazielekeza zikapige yale maji. Zikipiga, ndani ya maji kinapatikana kitu chenye mionzi ambacho wenzetu wa maabara wanakigeuza kuwa dawa. Mgonjwa akichomwa dawa hiyo, inakwenda kujikusanya penye saratani, na kipimo kinaona ilipo. Mbele ya maji kuna dirisha la duara lililofunikwa kwa foili ya chuma nyembamba kuliko unywele. Foili hiyo inatakiwa kuzuia maji yasitoke na wakati huohuo iziache chembe zipite. Mbele inaunguzwa, nyuma inasukumwa na mvuke. Ukiniuliza nalipwa kufanya nini, nalipwa kuhakikisha haipasuki.

Wiki tatu zilizopita ilipasuka.

Na haikupasukia kwenye shabaha ya zamani iliyokuja na mashine. Ilipasukia kwenye ya kwangu, niliyoichora na kuichora upya kwa miaka miwili. Ile ya zamani ina dirisha dogo, joto lote linaishia sehemu moja, kwa hiyo hatuwezi kuongeza nguvu. Mimi nilipanua dirisha ili joto lisambae, nikabadilisha mifereji ya maji ya kupoza, na hesabu zikasema tutapata dawa nyingi zaidi kwa mara moja. Wingi huo si wa kujisifia. Dawa hii haikai. Kila baada ya muda usiotimia saa mbili nusu yake imeshakwisha, na hakuna friji ya kuizuia. Ukitengeneza kidogo inaishia palepale mjini. Ukitengeneza nyingi asubuhi, unaweza kuipakia kwenye ndege ikafika Mbeya ikiwa bado inafaa, siku Mbeya watakapopata kipimo chao, na mtu wa Momba au Ileje asilazimike kusafiri siku nzima kwa basi kutafuta picha moja ya mwili wake. Kila nikichora nilikuwa nawafikiria watu hao.

Siku foili ilipopasuka, wagonjwa walikuwa wameshakaa kwenye benchi, hawajala tangu usiku kama walivyoagizwa. Mmoja alikuwa mama kutoka Kamsamba. Nilimtambua kwa lafudhi, nikamsalimia, akafurahi kukutana na mtu wa nyumbani. Kisha ikanibidi mimi huyohuyo nimwambie kwamba leo hakuna dawa. Alisema, "Haya, mwanangu," akafungua mkate wake akaanza kula.

Shabaha ikishapigwa inabaki na mionzi. Huwezi kuifungua ukaichungulia kama injini ya pikipiki. Ya kwangu imefichwa nyuma ya ukuta mzito inasubiri ipoe, na mpaka sasa tuna picha moja tu iliyopigwa kwa kamera ya kwenye fimbo. Kamati ya kutafuta chanzo inakaa Jumatano. Mimi kama msanifu niliombwa niandike rasimu, nikaiandika kabla ya kuja likizo.

Sasa nimtaje Mzee Mchome, maana haya yote ninayaandika kwa sababu yake.

Mzee Mchome ni fundi wetu wa kufunga shabaha. Ametufungia tangu siku mashine ilipowashwa mara ya kwanza. Ana spana ya kupimia nguvu, na anakaza boliti sita kwa kuvuka upande, moja kisha ya mkabala wake, na kila moja anaandika namba yake kwenye daftari lenye jalada jeusi. Hana cheti kikubwa. Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi huu, na kwa umri wake, akiondoka na doa la uzembe hakuna atakayemwita tena mahali popote.

Kwenye rasimu niliandika kwamba hesabu zimerudiwa na ziko sawa, kwamba foili ilikuwa ya unene unaotakiwa, na kwamba uwezekano mkubwa ni boliti kukazwa kupita kiasi. Nilipoandika niliamini hivyo. Mpasuko ulionekana kuanzia juu kulia, karibu na boliti namba mbili, na boliti ni kazi ya Mzee Mchome. Daftari lake lilionyesha namba sahihi. Mimi nikasema, mbele ya watu watatu, kwamba namba zile anaziandika mwenyewe.

Niliyasema hayo kwa mdomo huu. Akaombwa atoe maelezo ya maandishi. Kesho yake tulikutana kwenye korido, akanisalimia vizuri tu, ila akaniita injinia. Siku zote alikuwa akiniita mwanangu.

Basi. Leo asubuhi shemeji Salumu, mume wa dada, alikuwa na shida ya lori. Salumu ni mtu wa Singida, alikuja Tunduma kwa biashara ya vitunguu akamwona Ruti, na Singida siku hizi anakwenda kusalimia tu. Ana malori mawili yanayovuka mpaka kwenda Zambia na Kongo, na moja lilikuwa limechemsha kabla hata ya kuingia kwenye foleni. Rejeta ilikuwa inavuja. Akaniambia twende wote mpaka Mpemba, nje kidogo ya mji, kwa fundi, nikaone watu wanaofanya kazi wakachafuka.

Fundi Athumani anafanyia kazi chini ya turubai pembeni ya barabara kuu, malori yamejipanga mbele yake mpaka yanapotea kwenye kona. Ana pipa lililokatwa ubavuni likajazwa maji, jiko la mkaa, na rejeta zimeegeshwa kama vitabu kwenye rafu. Nilipofika alikuwa anamalizana na dereva wa Kizambia, wanaagana na kushukuriana kwa Kibemba, natotela huku na natotela kule. Salumu akanitambulisha kwa mbwembwe zake, akaniomba nimweleze fundi kazi yangu, nadhani kwa matumaini kwamba nitachemsha.

Nikaeleza. Fundi Athumani alisikiliza huku mikono inaendelea na kazi. Kisha akaniuliza maji yangu ya kupoza yanapita kwa kasi gani, mifereji ina upana gani, na yakianza kuchemka ule mvuke unakwenda wapi. Nilishtuka. Kuna mtu kwenye kamati amekaa wiki mbili na michoro yangu na hajauliza hata moja kati ya hayo. Nikamjibu yote, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kumbe na wewe ni fundi rejeta," akasema.

Salumu alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai. Miaka yote ile ya chuo, akasema, kumbe ukoo mzima ulikuwa unaomba Mungu mtoto afaulu rejeta. Nikacheka na mimi. Sehemu kubwa ya usanifu wangu ni hiyohiyo, kutoa joto mahali lisipotakiwa, na sijawahi kuelezwa kazi yangu kwa maneno machache hivyo.

Fundi akaziba midomo ya rejeta, akajaza upepo, akaizamisha kwenye pipa. Viputo vikatoka sehemu mbili. Akaiinua, akaikausha, akaanza kutafuta alikoweka kitambaa chake. Mimi nikajiona ni mtu wa msaada. Penseli yangu inakaa kwenye nywele, wanaonijua wanajua. Nikaichomoa, nikainama, nikachora mistari miwili midogo pale kwenye shaba ilikokuwa inatokea pumzi, asije akapasahau.

Fundi Athumani akanishika mkono, taratibu lakini kwa nguvu.

"Mama, penseli hapana," akasema. "Ukipachora, lehemu haishiki. Na ikibahatika kushika, siku moto ukiingia, hapohapo ulipochora ndipo patafunguka."

Hakukasirika. Alichukua msasa akafuta mistari yangu, akapapangusa na asidi kwa brashi, akapasuuza, kisha akafunga kipande cha uzi mwekundu kwenye bati la jirani uwe alama. Akasema hata yeye alijifunza kwa kuharibu rejeta ya mtu, zamani, alipokuwa mgeni hapa. Wakaendelea na Salumu kuzungumzia foleni, kwamba leo upande wa pili wanapitisha pole pole.

Mimi nilikuwa bado nimesimama na penseli mkononi.

Foili naziwekea alama kwa penseli.

Tuna foili za unene wa aina mbili na kwa macho hazitofautiani. Nyembamba naichora mstari mmoja, nene naichora miwili, juu kulia, karibu na ukingo. Nimefanya hivyo tangu nilipokuwa mwanafunzi. Mkono unachora wenyewe, kama ulivyochora leo kwenye rejeta ya watu. Na kwenye shabaha ya zamani haikuwa na madhara yoyote, kwa sababu alama inaangukia chini ya pete ya chuma inayobana foili, ambako hakuna joto la maana.

Lakini kwenye shabaha mpya mimi ndiye niliyepanua dirisha.

Nilitoa simu palepale, nikaifungua ile picha. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi kuliko sura yangu mwenyewe. Siku zote nilikuwa natazama boliti namba mbili kisha nashuka kwenye mpasuko. Leo nilianza na mpasuko. Hauanzii ukingoni. Unaanzia ndani ya dirisha, hatua ndogo tu, pale hasa ninapoweka alama yangu.

Tuliporudi sikungoja hata kuulizwa habari za rejeta. Nilifungua kompyuta, nikachukua mchoro, nikapima umbali kutoka ukingoni mpaka ninapochora, nikapima na dirisha jipya linapoanzia. Alama imeingia dirishani milimita mbili. Nikapima tena kwa sababu mtu hujidanganya kwa hamu. Ni milimita mbili.

Na kibaya zaidi, nilikuwa najua. Mafundi wa injini za ndege wanakatazwa penseli kwenye vyuma vinavyopata moto, kwa kuwa ile kaboni inazama kwenye chuma kikiwa cha moto na kukifanya kikatike kirahisi. Nilifundishwa hilo darasani, nikalijibia mtihani, nikalifaulu. Sikuwahi kulihusisha na mkono wangu.

Sasa naandika sehemu ambayo nisingependa mtu wa kazini aisome, na ninaiacha hapa makusudi.

Nilikaa kwenye kitanda cha dada nikajiuliza, nani atajua? Pale penye alama pameungua. Hakuna mtu kwenye kamati aliyeuliza foili zinawekwa alama kwa kitu gani. Hesabu zangu za kupoza ziko sawa, kweli ziko sawa, kosa haliko kwenye usanifu. Ningeweza kimyakimya kuacha penseli, tukafunga nyingine, ikafanya kazi, dawa ikafika Mbeya, wagonjwa wakapimwa na mimi nikapigiwa makofi. Angeumia mtu mmoja tu, mzee, na angeumia akiwa mbali, kwao Upareni, nisimwone. Na nikisema? Mkuu wa kitengo hajawahi kuipenda shabaha yangu. Akisikia chanzo ni mimi atarudisha ya zamani siku hiyohiyo, na miaka yangu miwili itafungiwa kwenye kabati. Niliyapanga yote hayo vizuri kabisa, upande huu na upande huu, kama mtu mwenye akili zake.

Muda wote dada alipokuwa anamenya viazi vya mchana, mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo.

Kisha nikaenda jikoni nikamweleza. Nilimweleza kwa kirefu, na foili, na kaboni, na dirisha, mpaka nikafika kwa Mzee Mchome na ile sentensi yangu. Dada akaweka kisu chini.

"Ana watoto?"

Nikasema sijui. Miaka sita nafanya kazi na mtu, anafunga kitu nilichokichora, tunakunywa chai chumba kimoja, sijui kama ana watoto. Dada hakunisema. Angenisema ningejitetea. Alichukua tena kisu chake akasema, "Basi mpigie umuulize," akaendelea na viazi.

Nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta wa nyuma, kwa sababu mtandao wa Tunduma una tabia ya kuhamia Zambia bila kuaga na pale ukutani ndipo unapotulia. Mzee Mchome akapokea. Nikampa shikamoo, akaitikia, marahaba injinia. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, kuanzia rejeta ya Salumu mpaka milimita mbili. Nilipomaliza niliangalia simu kama haijakatika.

"Niliiona hiyo alama," akasema. "Siku ile, kabla sijakaza. Nikakuuliza, injinia, hii mistari imeingia dirishani, ni sawa? Ukaniambia kaza tu mzee, wagonjwa wanasubiri."

Nilitaka kukataa. Sikumbuki, nilitaka kusema. Halafu nikakumbuka. Nilikuwa na simu sikioni, nazungumza na watu wa maabara, na nilimjibu bila kugeuza shingo. Wagonjwa walikuwa wanasubiri kweli, na mama wa Kamsamba alikuwa mmoja wao. Niliharakisha kwa ajili yake na ndiyo maana akarudi bila picha.

Nikamuuliza kwa nini hakuliandika hilo kwenye maelezo yake. Akasema ameliandika. Karatasi anayo, hajaikabidhi, alikuwa anaingoja Jumatano aisome mbele ya wote.

"Nilitaka kwanza nione kama utakumbuka mwenyewe," akasema. "Kukuumbua mbele za watu sikupenda. Ila kuondoka na jina la uzembe, hapana."

Hakusema kwa ukali, wala hakusema kwa upole. Nililia palepale ukutani, kuku wa dada wananitazama. Nikamwomba msamaha. Nilimwomba kwa ile sentensi, na kwa daftari lake, na kwa kutogeuza shingo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Andika kwanza," akasema. "Mengine tutaongea tukionana, injinia."

Ana haki. Msamaha wa kwenye simu ungekuwa wa bei rahisi na mimi ningeupokea haraka mno. Kabla hatujaagana nikamuuliza ana watoto wangapi. Nadhani alifikiri nimechanganyikiwa. Akasema watano, na wajukuu wawili, na akauliza kama wazee wangu hawajambo.

Mchana kutwa nimeandika barua. Ya kwanza niliiandika kwa Kiingereza kama tulivyozoea kazini. Nikaifuta. Inamhusu Mzee Mchome, aisome mwenyewe kila neno bila kutafsiriwa, kwa hiyo nimeiandika upya kwa Kiswahili, na kamati wanakijua vizuri sana wakitaka. Nikamsomea dada. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba katika maandalizi foili iliwekewa alama, akanisimamisha akauliza, na nani? Nikafuta, nikaandika kwamba niliiweka mimi, Atuganile Simbeye, kwa penseli, kwa mazoea, bila kufikiri kwamba dirisha limepanuka. Nimeandika na swali aliloniuliza Mzee Mchome. Nimeandika na jibu langu. Nimeomba rasimu yangu iondolewe na lile daftari lake jeusi liingizwe kwenye ripoti kuwa ushahidi, maana ndilo rekodi pekee ya siku ile isiyo na kosa.

Sikuishia kwenye kuungama. Nimeomba pia shabaha isifungiwe kabatini. Nimeambatanisha hesabu zote na mchoro mmoja mpya, ambamo unene wa foili utajulikana kwa kukata pembe ndogo nje kabisa ya boliti, kunyofoa tu, bila kalamu ya aina yoyote kugusa chuma. Nimesema tuipige upya, kwa nguvu ndogo kwanza, kisha tuongeze. Na nimesema kwamba wakiona haifai mimi niendelee kuisimamia, nitamkabidhi mwingine michoro yote na kumweleza kila mstari. Kidole kiligoma kwenye sentensi hiyo. Shabaha ile ni yangu na ninaitaka. Lakini naitaka zaidi ifanye kazi.

Kitu cha mwisho nimekiweka kwenye utaratibu wa kufunga, juu kabisa, kabla ya boliti ya kwanza. Yeyote aliyepo chumbani akiuliza "ni sawa?", kazi inasimama, aliyeulizwa anakuja kutazama kwa macho yake, na mashine haiwashwi mpaka aliyeuliza aseme ameridhika. Hata wagonjwa wawe wamejaa mpaka mlangoni. Kwa sharti hilo nitapigana, hata kama mengine yote watayakataa.

Saa kumi na moja jioni nimeituma, nakala kwa Mzee Mchome. Mkuu wa kitengo amejibu upesi kuliko kawaida yake, mstari mmoja: nimepokea, njoo na michoro yote Jumatano. Nimeusoma mara nyingi. Huenda anataka nitetee hoja, huenda anataka nikabidhi. Sijui, na usiku wa leo sitakaa kuubashiri. Mzee Mchome hajajibu. Alama za kwenye simu zinaonyesha ameisoma.

Keshokutwa napanda basi la alfajiri. Jumanne nitachapisha michoro na kukata foili za mfano wawe nazo mkononi, kwa sababu watu huelewa kitu wakikishika. Naogopa, sitasema uongo. Nimeogopa leo kutwa na kazi imeendelea hivyohivyo, basi nitaogopa na Jumatano.

Kikao kitaanza na yeye, wameshampangia hivyo kwenye ratiba, fundi kwanza kisha msanifu. Nitaomba wanibadilishie. Nitasimama kabla hajaitwa, niseme swali aliloniuliza na jibu nililompa, kwa maneno yaleyale, nikiwa nimemgeukia yeye. Kisha nitakaa, wamsikilize.